Siku Nzima Baharini Mkiwa Wawili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu siku moja tu ya safari, ile ambayo meli ya kitalii haitii nanga popote. Inakata maji ya ukanda wa joto tangu alfajiri hadi usiku, na ninyi wawili hamna pa kwenda. Wengi huiona kama siku ya kusubiri bandari ijayo. Kwa mke na mume ndiyo siku yenye raha kuliko zote, na kinachoiharibu mara nyingi si bahari bali ni ratiba iliyojaa na jua lililodharauliwa.

Tupange siku nzima au tuache mambo yajiendee?

Pangeni mambo mawili, basi. Kila mmoja achague moja analolitaka kweli, moja liwe asubuhi na jingine jioni, na katikati pabaki patupu. Ratiba ya meli, inayoletwa kabini usiku wa kuamkia siku hiyo au kuonekana kwenye programu ya simu, imejaa shughuli zinazopandana saa. Mkiisoma kwa tamaa mtashinda ndani ya lifti.

Kuna mtego mmoja wa saa. Ratiba hizo huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na aliyezoea kuhesabu saa kuanzia alfajiri huona 8:00 akasoma saa nane, kumbe ni saa mbili asubuhi. Staftahi imempita. Vilevile 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Andikeni miadi yenu miwili kwa hesabu mliyoizoea, pembeni ya karatasi.

Saa ya meli na saa ya simu zinapishana. Tufuate ipi?

Ya meli. Dunia huzunguka nyuzi 15 za longitudo kwa saa moja, kwa hiyo meli inayokwenda mashariki au magharibi hulazimika kusogeza saa, kwa kawaida usiku watu wakiwa wamelala. Simu iliyoachiwa ijirekebishe yenyewe huweza kuokota saa ya nchi iliyo karibu na kuwachanganya. Zimeni marekebisho hayo, au vaeni saa ya mkononi.

Tuchukue kabini ipi ili tupate usingizi mzuri, hata wa mchana?

Meli huchezacheza kama ubao wa pembea: katikati panatulia, ncha ndizo zinazopanda na kushuka. Tena kadiri mnavyopanda juu ndivyo mnavyoyumba zaidi. Kwa hiyo mtu anayejijua kwamba bahari humsumbua achukue kabini ya katikati, sitaha za chini.

Kabla ya kulipa, tazameni ramani ya meli muone kilicho juu ya kichwa chenu. Kabini iliyo chini ya sitaha ya bwawa husikia viti vikiburuzwa kabla jua halijachomoza, mabaharia wakiosha na kupanga. Iliyo chini ya jiko husikia magurudumu ya matoroli. Tezi, yaani nyuma ya meli, kuna mtetemo wa rafadha zinazoisukuma, na omo, yaani mbele, kuna kelele ya mnyororo wa nanga siku ya kufika bandarini. Kabini yenye kabini nyingine juu na chini yake ndiyo tulivu.

Msiidharau kabini isiyo na dirisha. Ni giza totoro hata saa sita mchana, na kwa kulala haina mpinzani. Bebeni taa ndogo ya betri muiache bafuni, vinginevyo anayeamka usiku atapapasa kuta au atawasha taa kubwa na kumwamsha mwenzake.

Kitanda chetu ni viwili vilivyounganishwa, na katikati kuna mfereji. Tufanyeje?

Mwambieni mhudumu wa kabini siku ya kwanza. Karibu kabini zote za watu wawili zina vitanda viwili vinavyosogezwa, na ule mfereji hutokea pale magodoro mawili yanapokutana. Ombeni godoro jembamba la kutandika juu, lenye upana wa kitanda chote. Kama halipo, blanketi nene lililokunjwa kwa urefu na kutandikwa juu ya kiungo, chini ya shuka, husaidia. Halafu hakikisheni magurudumu au miguu ya vitanda imefungwa pamoja, maana meli ikienda mrama usiku vitanda visivyofungwa huachana polepole, na atakayekuwa katikati ataijua maana ya neno ufa.

Tuna roshani. Kivuli kiko upande gani, na saa ngapi?

Inategemea meli inaelekea wapi. Mkisimama mkitazama omo na meli ikielekea kaskazini, roshani za mkono wa kulia hupata jua la asubuhi, za kushoto hupata la alasiri. Ikielekea kusini, geuzeni. Ikienda mashariki au magharibi, jua la ukanda wa joto hupita juu sana, karibu na utosi, na mchana roshani iliyo juu yenu huwa ndiyo dari yenu. Mwelekeo wa meli huonyeshwa kwenye televisheni ya kabini, penye ramani ya safari.

Upepo nao ni habari nyingine. Meli za aina hii hukata kilomita 35 hivi kwa saa. Zikikutana na upepo wa kilomita 25 unaotoka mbele, mnaosimama kwenye sitaha ya wazi mnapigwa na upepo wa kilomita 60 kwa saa, na hapo kofia haikai. Waendesha majahazi huuita upande unaopigwa upepo goshini, na ule uliokingika demani. Tafuteni demani. Upande mmoja ukiwa hauvumiliki, vukeni tu hadi wa pili, mara nyingi ni kama mmehamia bahari nyingine.

Sasa usalama wa mlango. Msifungue mlango wa roshani wakati mlango wa korido uko wazi. Upepo hupita kama kwenye bomba na kuubamiza mlango mzito kwa nguvu ya kuvunja kidole, na kidole kinachovunjwa kwa kawaida ni cha yule aliyeshika fremu akimsubiri mwenzake. Mkiacha mlango wa roshani wazi kwa muda mrefu, hewa yenye unyevu huingia, vioo na sakafu vinatota, na katika meli nyingi kiyoyozi hujizima chenyewe mpaka mtakapoufunga.

Sigara kwenye roshani hairuhusiwi katika meli nyingi, na kuna sababu. Kishungi kikirushwa baharini, upepo hukirudisha kwenye roshani ya chini. Mwezi Machi 2006 moto ulianzia kwenye roshani ya meli iliyokuwa ikielekea Jamaika, ukateketeza safu ya kabini, na abiria mmoja akafariki.

Tujipake losheni ya jua kiasi gani? Tunajipaka na bado tunaungua.

Karibu kila mtu hujipaka nusu ya kinachotakiwa, au pungufu. Mwili wa mtu mzima unataka mililita 30 hivi kwa mara moja, sawa na vijiko viwili vya chakula. Pimeni mara moja kwa kijiko mshangae. Kwa hesabu hiyo, wawili mkijipaka mwili mzima mara tatu kwa siku mmemaliza mililita 180, karibu chupa nzima ya mililita 200. Chupa moja ya wiki nzima ni kujidanganya.

Chagueni SPF 30 au zaidi (ndiyo namba ya kiwango cha kinga iliyoandikwa kwenye chupa), inayokinga aina zote mbili za miali ya jua inayodhuru ngozi, UVA na UVB. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya UVB, na 50 huzuia karibu 98, kwa hiyo namba kubwa haiokoi kama mmejipaka kidogo. Jipakeni ndani ya kabini dakika 15 kabla ya kutoka, rudieni kila baada ya saa mbili, na kila mtokapo majini hata kama chupa imeandikwa kwamba haitoki kwa maji.

Mahali panaposahaulika ni pale pale siku zote: juu ya nyayo, masikio, nyuma ya magoti, mstari wa nywele ulipogawanywa, na katikati ya mgongo ambapo mkono wa mtu haufiki. Hapo ndipo faida ya kuwa wawili. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi ya asili, lakini nayo huungua. Tofauti ni kwamba wekundu hauonekani upesi, mnakuja kuhisi tu ngozi imekaza usiku.

Baharini jua huwahadaa kwa hila mbili. Upepo hupoza ngozi, kwa hiyo hamhisi joto linalowaambia muondoke. Na kivuli cha mwavuli hakizuii miali inayorudi kutoka kwenye maji, sitaha nyeupe na anga lenyewe. Mawingu mepesi nayo hayasaidii sana. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri kaeni chini ya paa halisi, au ndani. Na kama mmoja wenu anatumia doxycycline, dawa ambayo wasafiri wengi hupewa kujikinga na malaria, huyo ataungua upesi zaidi ya mwenzake. Ndiyo tabia ya dawa hiyo.

Mmoja wetu analewa bahari, mwingine hana habari. Siku imeharibika?

Hapana, ila aliye mzima aache kusema “jikaze”. Kulewa bahari si woga. Sikio la ndani linahisi mwendo, macho yakitazama ukuta wa kabini yanasema hakuna mwendo, na ubongo unaopokea habari mbili zinazopingana hujibu kwa kigegezi.

Tiba ya kwanza ni mahali. Ondokeni kabini, nendeni sitaha ya wazi ya katikati, mtazame upeo wa macho, pale maji na anga vinapokutana. Acheni kusoma na kutazama simu. Mgonjwa ale kidogo: biskuti kavu, tofaa, tangawizi. Tumbo tupu kabisa huzidisha hali, na chakula cha mafuta vilevile.

Vidonge kama dimenhydrinate na meclizine hufanya kazi vizuri vikinywewa kabla. Ukishaanza kutapika umechelewa, maana kidonge kitatoka nacho. Huleta usingizi, na vikichanganywa na pombe usingizi huo huwa mzito kupita kiasi. Kibandiko cha scopolamine hubandikwa nyuma ya sikio saa nne au zaidi kabla ya kuhitajika, na hudumu hadi siku tatu. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kukigusa: dawa ikifika jichoni mboni hupanuka na kuona kunakuwa kwa ukungu. Mwenye glakoma ya pembe nyembamba asikitumie. Kwa dawa yoyote kati ya hizo, muulizeni daktari au mfamasia kabla ya safari, hasa mzee, mjamzito, au anayetumia dawa nyingine.

Meli kubwa zina mapezi chini ya maji yanayopunguza mrama, yaani kuyumba ubavu kwa ubavu. Hayazuii omo kupanda na kushuka. Ndiyo maana meli inayopiga mawimbi kwa mbele husumbua watu hata ikiwa mpya.

Viti vya bwawani vimejaa taulo, watu hawaonekani. Tunaruhusiwa kuviondoa?

Msiguse. Mwambieni mhudumu wa sitaha: meli nyingi zina kanuni kwamba kiti kilichoachwa nusu saa hivi huondolewa taulo, na kazi hiyo ni yao. Bora zaidi, achaneni na bwawa. Siku ya bahari watu huvutana pale kwenye muziki, huku sitaha ya matembezi inayozunguka meli, ile yenye mashua za kuokolea juu yake, ina viti vitupu na kivuli cha siku nzima. Mkienda nyuma kabisa, angalieni bomba la moshi. Viti vilivyo chini yake kwa upande wa tezi hupata chembe za masizi zinazotia madoa nguo nyeupe.

Jakuzi tukae muda gani?

Dakika 10 hadi 15, mtoke, mpoe, mnywe maji. Maji huwa na joto la hadi nyuzi 40, na juani mwili hauna pa kutolea joto hilo. Pombe ikiongezwa, shinikizo la damu hushuka na mtu huona kizunguzungu anaposimama, kwenye sakafu yenye maji, ndani ya meli inayoyumba. Ogeni kabla ya kuingia, kwani jasho na losheni hula klorini. Maji yakiwa na ukungu au povu lisilokwisha mashine ikizimwa, tafuteni jingine. Mjamzito akae nje.

Mabwawa mengi ya meli hujazwa maji ya bahari, kwa hiyo fungueni macho kwa uangalifu. Bahari ikichafuka maji hurukaruka kutoka upande hadi upande na bwawa hufungwa kwa wavu. Na msidhani kuna mwokoaji, kwani meli nyingi hazina.

Masaji ya pamoja tuiweke saa ngapi?

Adhuhuri hadi saa nane, wakati jua ni kali na bufee imejaa. Wekeni nafasi siku ya kupanda meli, maana siku za bahari hujaa kwanza. Ngozi iliyoungua haifanyiwi masaji. Mkiungua jana yake mmepoteza nafasi. Baada ya kukandwa, mtaalamu mara nyingi hutoa orodha ya mafuta ya kununua. “Asante, hapana” inatosha.

Mwenzangu anataka pilikapilika, mimi nataka kulala. Tufanyeje?

Achaneni kwa saa mbili. Kweli kabisa. Mko kwenye kabini ya mita chache za mraba kwa siku kadhaa, na kuachana kidogo ndiko kunakowapa la kuzungumza mezani. Kubalianeni mahali na saa ya kukutana kabla ya kutengana, kwa sababu simu huenda zisipatane. “Tutaonana juu” haitoshi kwenye meli yenye sitaha kumi na tano. Semeni: saa kumi kamili, ngazi za katikati, sitaha ya saba, upande wa kushoto.

Tule wapi bila foleni, na tujikinge vipi na tumbo?

Bufee hufurika saa tatu asubuhi na saa sita na nusu mchana. Nendeni mapema au mchelewe. Siku ya bahari ukumbi mkuu wa chakula nao kwa kawaida hufunguliwa mchana, mnaketi, mnahudumiwa, na nusu ya abiria hawana habari. Mkitaka meza ya wawili usiku, ombeni mapema, la sivyo mtaketishwa na wageni.

Kuhusu tumbo, adui wa meli ni norovirusi. Ile jeli ya mlangoni yenye alkoholi haimmalizi vizuri. Sabuni na maji, sekunde 20, ndiyo kinga. Nawa baada ya kushika vijiko vya kupakulia, siyo kabla tu. Dalili hujitokeza kati ya saa 12 na 48 baada ya kuambukizwa. Mmoja akianza kutapika na kuharisha, piga simu zahanati ya meli na abaki kabini. Usiichukulie kuwa ni bahari, hasa kama bahari ni shwari.

Simu tuziweke vipi?

Hali ya ndege, halafu washeni waifai peke yake ikiwa mmenunua intaneti ya meli. Mkiacha simu ikitafuta mtandao, itaunganishwa na mnara wa meli unaopitia setilaiti, na gharama zake hufika nyumbani kabla yenu. Pakueni vitabu, muziki na filamu kabla ya kupanda.

Machweo tuyatazame wapi?

Upande wa magharibi, palipo wazi, mkiwa mmefika robo saa kabla. Karibu na ikweta jua huzama wima: tangu ukingo wake wa chini uguse maji hadi kutoweka ni dakika mbili hivi, na baada ya dakika 20 hivi giza limeshaingia. Anayekwenda kuchukua kinywaji hulikosa. Upeo ukiwa safi bila wingu, ukingo wa mwisho wa jua huweza kumweka kijani kwa sekunde moja au mbili. Msiutafute kwa darubini wala msilikodolee jua likiwa bado kali. Jambo dogo la kuchezea: aliye sitaha ya juu huliona jua kwa sekunde kadhaa zaidi ya aliye chini, kwa hiyo mmoja abaki na mwingine apande, kisha mbishane nani ameliona la mwisho.

Zoezi la dharura ni lazima, hata kama tumeshasafiri mara nyingi?

Lazima. Tangu Januari 2015 kanuni za kimataifa za usalama baharini, ziitwazo SOLAS, zinataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Ishara ni milio saba mifupi au zaidi, ikifuatiwa na mmoja mrefu. Nendeni wote wawili, mkakijue kwa miguu kituo chenu cha kukusanyikia. Mkiwa mmeachana wakati ishara inalia, msitafutane: kila mmoja aende kituoni, mtakutana hapo.

Vimbunga je?

Atlantiki ya kaskazini msimu ni Juni hadi Novemba. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili. Nahodha huukwepa mkondo wa dhoruba, kwa hiyo kinachobadilika zaidi ni bandari, na huenda mkaongezewa siku ya bahari bila kuiomba.

Mjamzito anaruhusiwa kusafiri?

Kampuni nyingi humkataa atakayefikia wiki ya 24 kabla ya safari kwisha, na huomba barua ya daktari. Soma masharti kabla ya kulipa.

Kuna la kufanya kabla ya kulala?

Ondoeni taulo na nguo za kuogelea kwenye reli ya roshani, fungeni mlango hadi komeo liingie, na glasi ziwekeni ndani ya sinki au droo. Angalieni bili kwenye televisheni: kadi zenu mbili za kabini kwa kawaida huchajiwa akaunti moja, na kosa la leo ni rahisi kulirekebisha leo kuliko asubuhi ya kushuka, foleni ikiwa imefika kwenye ngazi.